Sanduku la posta, sanduku la mlangoni au nambari ya simu: lipi lifaalo nyumba na biashara Lamu na Malindi

Anayejenga au kukarabati nyumba mjini Lamu huulizwa na fundi maswali mengi kabla ya kazi kuanza: tangi la maji likae wapi, mita ya umeme iwe upande gani, waya wa intaneti upitie dirisha lipi. Mahali pa kutilia barua hapaulizwi, na mwenye nyumba naye hapakumbuki, kwa kuwa wengi wetu tumekwisha kuamini kwamba zama za barua zimepita na kila la muhimu sasa huingia kwenye simu. Imani hiyo ina ukweli wake. Bili ya umeme huja kwa ujumbe mfupi, taarifa ya akaunti huja kwa barua pepe, na mwaliko wa harusi huzunguka mitaani kwa WhatsApp kabla kadi hazijatoka kwa mpiga chapa. Lakini ukizitazama karatasi chache zilizobaki utaona kwamba si za mzaha: notisi ya benki juu ya nyumba iliyowekwa dhamana, hati ya kuitwa mahakamani, barua ya wakili kuhusu mpaka wa kiwanja, dai la kodi ya ardhi kutoka serikali ya kaunti, hundi, kadi ya benki, kifurushi kutoka kwa ndugu aliyeko ng'ambo. Zilizohamia simuni ni barua za salamu. Zile ambazo zikipotea mtu hupoteza mali au haki yake, nyingi bado zimo ndani ya bahasha.

Kwa hiyo swali la mwenye nyumba au mwenye biashara si kama anahitaji sanduku, ni sanduku gani. Huku kwetu njia zinazotumika ni nne: kukodi sanduku posta, kutumia sanduku la mtu mwingine, kuifanya nambari ya simu kuwa anwani, na kutundika sanduku mlangoni au getini. Wengi huchagua moja wakidhani itafanya kazi ya zote. Mimi hupima kwa mambo mawili tu, yaani ni nani anayeileta barua, na ni nani anayeshika ufunguo.

Sanduku la kukodi posta

Kenya haikujengewa utaratibu wa tarishi wa kupita nyumba kwa nyumba kama ilivyo Uingereza. Hapa barua hukomea posta, katika ukuta wa visanduku vya chuma vilivyoandikwa nambari, na mwenye sanduku huifuata mwenyewe. Anwani ni nambari ya sanduku, msimbo wa posta na jina la mji: 80500 ni Lamu, 80200 ni Malindi, 80202 ni Watamu. Jina la mtaa halimo, wala nambari ya nyumba. Kwa mji wa kale wa Lamu, ambao vichochoro vyake havipiti gari na ambao nyumba zake watu huelekezana kwa jina la ukoo au la msikiti ulio jirani, utaratibu huo una busara yake, kwani mtu wa Nairobi hatakiwi kujua njia ya kwenda kwako ili barua yake ikufikie. Unaondoa pia mkanganyiko wa majina. Kuna Shela ya Lamu na kuna Shela ya Malindi, na kinachozitenga kwenye bahasha ni zile tarakimu tano, ambazo watu wengi huziacha wakidhani ni pambo.

Mji wenyewe si mgeni wa mambo haya. Wajerumani walifungua posta yao Lamu mwaka 1888, na wakaifunga mwaka 1891, baada ya mkataba wa mwaka 1890 ulioiachia Uingereza pwani hii. Jengo lao sasa ni makumbusho, na mgeni anayelitembelea huona kwamba hata wakati huo barua ilikuwa ikija na chombo cha baharini na kumngoja mwenyewe aifuate. Leo gunia la barua huja kwa barabara hadi Mokowe, kisha huvushwa kwa boti.

Nguvu kubwa ya sanduku la posta iko katika sheria, na hili ndilo watu wachache hulijua hadi limewafika. Sheria ya Tafsiri na Masharti ya Jumla, Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, inasema kwamba pale sheria inaporuhusu hati kupelekwa kwa posta, hati iliyotumwa kwa rejista kwenye anwani ya mwisho ya posta inayojulikana ya mtu huyo, ikiwa imeandikwa sawasawa na kulipiwa, huhesabiwa kuwa imemfikia kwa wakati ambao ingefika kwa mwendo wa kawaida wa posta, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Yaani kutoifungua bahasha si hoja. Aliyekopa benki kwa dhamana ya nyumba yuko chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo inamtaka mkopeshaji atoe kwanza notisi ya muda usiopungua miezi mitatu ya kulipa deni lililochelewa, na baadaye, kabla ya kuuza, notisi nyingine ya siku zisizopungua 40. Siku hizo ni za thamani kubwa kwa mtu anayetaka kujadiliana, kuuza mwenyewe kwa bei nzuri au kwenda mahakamani. Zikipita huku bahasha imelala katika sanduku ambalo halijafunguliwa tangu Ramadhani, zimekwisha.

Kwa kampuni jambo hili lina uzito zaidi. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inaitaka kila kampuni iwe na ofisi iliyosajiliwa nchini ambako mawasiliano na notisi zote zaweza kupelekwa, na fomu za serikali, zikiwamo za kodi, huuliza nambari ya sanduku la posta. Hoteli ndogo ya Shela, duka la vifaa vya ujenzi la Malindi na chama cha wavuvi chenye akaunti ya benki vyote vitaulizwa swali hilohilo, na asiye na jibu lake mwenyewe huazima la mwingine, jambo ambalo nitalifikia.

Sifa nyingine ni kwamba sanduku halihami. Mpangaji anaweza kutoka Langoni akaenda Mkomani, akarudi bara kwa miaka miwili, na anwani yake ikabaki ileile. Vifurushi vya posta kutoka nje ya nchi huja kwa njia hiyo pia: karatasi ya kukuarifu hutiwa sandukuni, nawe unakwenda dirishani na kitambulisho. Hapa tuwe waangalifu, maana kampuni binafsi za kusafirisha vifurushi hazipeleki mzigo kwenye sanduku la posta. Hizo hutaka nambari ya simu na mahali pa kukuona, na anayeziandikia S.L.P. pekee hujichelewesha mwenyewe.

Udhaifu wake ni wa miguu na wa kalenda. Kodi hulipwa kila mwaka, na usipolipa sanduku hufungwa. Posta ina saa zake, na mwenye kazi za jioni hukuta mlango umefungwa. Anayeishi Shela ya Lamu ana mwendo wa kilomita tatu hivi kufika mjini, kwa miguu ufukweni au kwa boti, na wa Matondoni na Kipungani ni mbali zaidi, kwa hiyo sanduku hufunguliwa siku mtu anapokwenda mjini kwa jambo jingine. Kwa maoni yangu sanduku la posta lisilofunguliwa walau mara moja kwa wiki ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwa kuwa mtumaji ana haki ya kusema umepata, nawe hujapata. Hatari hiyohiyo humwandama aliyeliacha sanduku lake bila kuliarifu benki, mamlaka ya kodi na ofisi ya ardhi, maana katika majalada yao anwani ya mwisho inayojulikana bado ni ile ya zamani.

Sanduku la kuazima

Wengi wetu hatuna sanduku letu. Huandika la shule, la mwajiri wa zamani, la msikiti au la duka la mjomba, na barua ikija hupitia mikono miwili mitatu hadi ifike. Njia hii ni bure, na hiyo ndiyo sifa yake pekee. Kwa kijana anayeomba kazi yake ya kwanza yatosha. Kwa mtu mzima mwenye kiwanja, mkopo au kesi ya mirathi haitoshi hata kidogo, kwa sababu ufunguo uko kwa mwingine, na huyo mwingine aweza kustaafu, kuhamishwa, kufunga duka au kusahau. Tena mambo ya fedha za nyumba yako huanza kujulikana na karani kabla ya mkeo. Nikishauriwa, nitaiweka njia hii mwisho katika zote nne, na kwa biashara iliyosajiliwa nitaifuta kabisa.

Nambari ya simu kuwa anwani

Shirika la Posta Kenya lina huduma ya mPost, ambayo humwezesha mtu kuisajili nambari yake ya simu ikawa ndiyo anwani. Barua ikifika katika posta uliyoichagua, unapata ujumbe mfupi, kisha unaifuata au unalipa uletewe. Hii inaondoa ule ugonjwa wa kwenda posta mara kwa mara na kukuta sanduku tupu, na kwa mtu wa Kipungani au wa ndani ya Malindi huo ni unafuu mkubwa. Ni rahisi pia kwa mwanafunzi, kwa fundi na kwa yeyote apataye barua chache kwa mwaka.

Tatizo lake ni lile la kila kitu kilichofungwa kwenye laini ya simu. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na nambari yake hupewa mtu mwingine. Simu hupotea baharini. Na katika nyumba nyingi laini moja hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Biashara nayo hubadilisha meneja, na meneja huondoka na nambari yake. Kwa hiyo mwenye biashara anayetaka njia hii aisajili kwa laini ya biashara, ikae ofisini, isiwe laini ya mtu.

Simu yenyewe nayo imekwisha kuwa mlango wa sheria, watu wapende wasipende. Marekebisho ya Kanuni za Mwenendo wa Madai yaliyofanywa mwaka 2020 yaliruhusu hati za kuitwa mahakamani zipelekwe kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu. Mtu aliyezoea kuufuta kila ujumbe wa nambari asiyoijua afikirie upya desturi hiyo.

Sanduku la mlangoni

Hili ndilo linalodharauliwa kuliko yote, na ndilo ninalotaka kulitetea kwa kirefu. Hoja ya kulipinga ni rahisi: ikiwa hakuna tarishi anayepita, nani atatia barua humo? Jibu ni kwamba wanaopita ni wengi, ila si tarishi. Kuna karani wa wakili, ofisa wa kaunti mwenye dai la kodi, mjumbe wa shule, kijana wa ofisi ya boti mwenye risiti, mzee wa kamati ya msikiti mwenye barua ya mkutano, jirani aliyeletewa karatasi yako kwa makosa, na mpangaji anayetaka kuacha ufunguo na maandishi. Hao wote huja na karatasi mkononi, na wakikosa pa kuiweka hufanya wanachoweza.

Atazame mtu kinachotokea katika nyumba ya mji wa kale. Mlango wa Lamu una kizingiti kilichoinuka, kwa hiyo chini yake hakuna mwanya. Mbao zake mbili zikifungwa, mfaa, ule mti wa katikati, huziba pale zinapokutana, kwa hiyo katikati pia hapapenyi kitu. Mleta barua anasimama dakani, yaani kwenye kiukumbi cha mbele ya mlango, anabisha, na mazungumzo huwa haya:

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu. Bwana hayupo, katoka."

"Nina barua yake, mama. Niiweke wapi?"

"Mpe huyo mtoto hapo nje."

Mama wa nyumba hana kosa. Hawezi kutoka kumpokea mtu asiyemjua, na hapaswi kulazimika. Lakini mtoto aliyepewa bahasha alikuwa ametumwa mahamri, na bahasha yaenda naye dukani. Nyingine huachwa juu ya baraza na jiwe juu yake, mpaka mvua ya masika au punda wa mchanga apite nayo. Sanduku lililotundikwa ndani ya daka, lenye kufuli, linamaliza habari hiyo: mleta barua ametimiza kazi yake, sitara ya nyumba imehifadhiwa, na bahasha imefika kwa mwenyewe bila kupita mkono wa mtu.

Malindi mambo ni tofauti kidogo. Nyumba nyingi za upande wa bahari zina ukuta, geti na askari, na wenyewe wengine, Waitaliano kwa wenyeji wa bara, huwapo miezi michache tu ya mwaka. Askari hupokea kila kitu kwa moyo mzuri na kukiweka katika kibanda chake, juu ya redio, chini ya birika, na zamu ikibadilika habari ya bahasha haikabidhiwi. Sanduku la getini lenye mdomo kwa nje na mlango kwa ndani, ambalo ufunguo wake hauko kwa askari, linamwepusha hata yeye na lawama. Meneja anayepita mara moja kwa wiki hulifungua, hupiga picha bahasha na kumtumia mwenye nyumba.

Nisieleweke vibaya kuhusu mahakama. Kanuni hizohizo za Mwenendo wa Madai, katika Agizo la 5, zinamruhusu mpeleka hati aliyekutafuta asikupate aibandike hati kwenye mlango wa nje wa nyumba, na sanduku halimzuii kufanya hivyo. Lakini mambo mengi huanza kwa barua ya kawaida ya madai kabla hayajafika mahakamani, na barua hiyo ikisomwa mapema mara nyingi haifiki hatua ya kubandikwa mlangoni, mahali ambapo mtaa mzima utaisoma.

Ikiwa umeshawishika, usiende kununua la kwanza uonalo dukani. Masanduku mengi yanayouzwa yametengenezwa kwa miji isiyo na chumvi hewani, nayo humaliza kazi hapa kabla ya misimu michache ya kusi na kaskazi kupita. Bati lililopakwa zinki ni rahisi kwa bei na fundi yeyote wa kuchomelea hulikunja, lakini zinki huungua pale anapochomelea na hukosekana pale alipokata, na kutu huanzia hapohapo. Likipakwa rangi ya kuzuia kutu kila mwaka litadumu. Tatizo ni kwamba hakuna anayekumbuka. Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, kina daraja zake. Ile ya 304, ambayo ndiyo ya kawaida, hupata madoa ya kahawia karibu na bahari. Ile ya 316, iliyochanganywa na madini ya molibdeni, huhimili chumvi vizuri zaidi, na bei yake inajulisha hivyo. Alumini ni chaguo jema la katikati, kwa sharti kwamba ribiti na skrubu zake nazo ziwe za alumini au za stenlesi, kwa kuwa chuma cha kawaida kikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa penye maungano. Plastiki haipati kutu lakini jua huikausha ikavunjika kama gamba la yai.

Kwa Lamu mimi hupendelea mbao. Mbambakofi, mti uleule wa milango yetu ya nakshi, hustahimili chumvi na mchwa, na seremala wa mjini aweza kulitengeneza sanduku likafanana na mlango badala ya kuufanya uonekane na kidonda. Bawaba ziwe za shaba. Neno moja la tahadhari: mji wa kale umo katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na unalindwa pia na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Usitoboe mlango wa nakshi ili kutengeneza tundu la barua. Sanduku likae ukutani, ndani ya daka, na kabla ya kugusa ukuta wa nje uliza ofisi ya makumbusho ya hapo mjini. Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na skrubu fupi hutoka na unga wake. Fundi achimbe tundu refu, atie kigingi cha mbao ngumu, kisha skrubu iingie humo. Malindi, kwenye kuta za mawe ya kukata na saruji, plagi za plastiki zatosha.

Kipimo cha tundu ndicho hukosewa zaidi. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, na bahasha yake kubwa, ile inayopokea karatasi bila kukunjwa, ni milimita 229 kwa 324. Tundu lenye upana wa milimita 240 hupokea bahasha hiyo kwa kichwa, na hapo sanduku lazima liwe na kina au urefu wa kuimeza yote. Tundu la upana wa milimita 330 huipokea kwa ubavu na laweza kuwa na sanduku fupi. Kimo cha tundu kisizidi milimita 35, maana zaidi ya hapo mkono wa mtoto huingia na kutoka na bahasha. Kifuniko kiinamie nje, paa lizidi mdomo kwa vidole viwili, na chini pawe na vitundu viwili vya kutokezea maji. Tena barua isilale moja kwa moja juu ya sakafu ya sanduku. Kipande cha ubao chenye mianya chatosha kuiinua.

Kuhusu kufuli, kitasa kidogo kinachokuja na sanduku la dukani hukwama kwa chumvi na mchanga, na mwenye nyumba huishia kulivunja sanduku lake mwenyewe. Bora pete mbili na kufuli la kutundika lenye mwili wa shaba na shingo ya stenlesi, litiwe mafuta kila mwanzo wa msimu. Jina la nyumba au la familia liandikwe wazi juu yake, pamoja na mtaa. Kwa biashara liandikwe jina lililosajiliwa, si lile la kwenye bango pekee, kwa kuwa karani wa wakili hutafuta la kwenye cheti.

Nani achukue lipi

Kwa familia inayoishi mji wa kale, isiyo na mkopo wa benki wala kampuni, naanza na sanduku la dakani, kisha nambari ya simu iliyosajiliwa posta kwa zile barua chache zitokazo mbali. Sanduku la kukodi si lazima. Siku familia hiyo itakapoweka nyumba dhamana au kuingia katika kesi ya ardhi, ndipo ikodi lake, na ichague mtu mmoja wa kulifungua kila Ijumaa asubuhi kabla ya sala.

Kwa kampuni, iwe ya watu wawili au ya ishirini, mpangilio unageuka. La kwanza ni sanduku la posta kwa jina la kampuni lenyewe, kodi ikilipwa mapema, na daftari dogo la kuandika kila kilichopokelewa na tarehe yake. La pili ni la mlangoni, kwa ajili ya wajumbe wa kaunti na makarani. Hapa sioni nafasi ya kuchagua moja kati ya hayo mawili: la posta halimsaidii aliyesimama mlangoni saa kumi na moja jioni, na la mlangoni halimsaidii aliye Nairobi. Barua pepe nayo iwe ya ofisi, na isomwe kwa bidii ileile.

Kwa nyumba ya mtu asiyekuwapo, Shela zote mbili, sanduku la getini ni la lazima, na wakili au meneja awe na anwani ya posta iliyotajwa katika mikataba yote. Mwenye nyumba asiandike anwani ya nyumba aliyoifunga.

Chama, madrasa na kamati ya msikiti viko katika hali ya peke yake, kwa kuwa viongozi hubadilika kila baada ya muda. Vikodi sanduku kwa jina la chama, na ufunguo uandikwe katika kumbukumbu za mkutano miongoni mwa vitu vinavyokabidhiwa, pamoja na muhuri na daftari la benki, wala katibu asiupeleke nyumbani kwake. Anayetoka akakataa kuurudisha, barua rasmi ya kamati ipelekwe posta siku hiyohiyo kuomba kitasa kibadilishwe.